Rufaa Iliyolala Kabatini

Mwezi uliopita tulimzika Msomi, na mimi nilikuwepo. Naanza na hilo kwa sababu wapo watu hapa Kibiti walioapa kwamba sitathubutu kukanyaga kwake. Nilivaa baibui langu jeusi, nikapanda bajaji mpaka mlangoni, nikavua viatu, nikatafuta nafasi mkekani kati ya wanawake waliokuwa wakichambua mchele. Mazungumzo yakashuka sauti. Mmoja wao, mtu mzima mwenzangu, akaniuliza bila kuinua uso kwenye ungo, "Wewe si ndiye Sikudhani, uliyemfungia marehemu ofisi?" Nikamwambia ndiye. "Na umekuja?" "Nimekuja kuzika, dada. Kwani mnakata tiketi?" Mwingine akasema marehemu hasemwi. Nikamjibu kwamba mimi sijamsema, nimekaa na mchele wangu, wanaomsema ni wao. Pilau lilipoletwa nikala, na dua nikaitikia kwa moyo mmoja, maana kumshitaki mtu si kumchukia. Lakini wakati wa kunawa mikono nikamsikia mmoja akimwambia mwenziwe kwenye mlango wa uani, "Alikula chumvi ya mtu mwaka mzima, kisha akamgeuka." Maneno hayo ndiyo niliyorudi nayo nyumbani. Nimeyalalia siku kadhaa, nimeona hayalaliki. Chumvi yenyewe naijua mimi niliyeila, basi acha niieleze ilivyokuwa.

Jina lake silitaji. Si kwa kumwogopa, ila ameacha watoto, na watoto hawana kosa. Mjini sote tulimwita Msomi kwa sababu mawakili wenyewe huitana hivyo mahakamani, naye alilipenda. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili na cheti cha kupiga chapa, na Kibiti ilikuwa haijawa wilaya. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la saruji, kimegawanywa katikati kwa kabati la chuma. Upande wa mbele palikuwa na benchi la wateja, meza yangu na taipureta. Upande wa nyuma meza yake, vitabu vyekundu vilivyopangwa kwa urefu, na feni iliyozunguka ikilalamika. Vumbi la saruji liliingia kwa madirisha yote. Kila asubuhi nilifuta meza yake kwa kitambaa kibichi, na ikifika adhuhuri ungeweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole. Saa nne nilimletea chai ya maziwa na vitumbua viwili vya Bi Tatu, mwenye nyumba wangu, aliyekuwa akikaanga barazani kwake mtaa wa pili. Msomi hakuwa mtu mkali. Aliniita mwanangu, na siku ya Idi alininunulia doti ya khanga. Alipozungumza Kiingereza kwenye simu, wateja pale benchini walikaa sawa, kama watu waliomwona daktari akitoa sindano. Nami nilijivuna kukaa karibu naye. Sitaki nijifanye kwamba niliona mapema. Sikuona.

Bi Mwanahawa alikuwa mteja kutoka kijiji cha Mbuchi, mjane wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mkavu, na mwenye kutazama mtu usoni. Alikuwa na shamba la mpunga bondeni alilolima tangu ujana wake. Jamaa mmoja wa upande wa mumewe akalidai, wakaenda kwenye baraza la ardhi, baraza likampa yule jamaa. Watu waliojua sheria walimwambia hukumu ile ina tundu, akate rufaa Dar es Salaam, lakini ndani ya siku zilizowekwa; zikipita, mlango umefungwa. Ndipo akauza vitu vyake vya ndani, akaja kwa Msomi. Hati ya rufaa niliipiga mimi mwenyewe, kurasa sita na nakala zake kwa karatasi za kaboni, na naikumbuka kwa sababu ndiyo kazi yangu ya kwanza ndefu isiyokuwa na kosa hata moja. Msomi akatia sahihi, akaziweka kwenye mkoba wake. Baada ya hapo Bi Mwanahawa alikuwa akija kila baada ya wiki chache kuuliza. Safari yake ilikuwa mtumbwi, kisha kutembea, kisha nyuma ya lori, na alifika ofisini akiwa na tope lililokauka mpaka magotini. Kila mara alileta kamba wakavu, amewafunga kwenye kipande cha mkeka. Msomi alikuwa akimsikia sauti, ananong'ona kutoka nyuma ya kabati, "Mwambie faili liko Dar." Nami namwambia, "Shikamoo mama. Faili liko Dar." Naye anasema, "Marahaba. Haya, tusubiri," anakunywa maji, anarudi zake. Kamba tuligawana, mimi na Msomi. Niliwapika kwa nazi na bamia. Walikuwa watamu, na hilo linaniuma hadi leo.

Siku moja Msomi alipata habari kwamba mgeni wake kutoka mjini angepitia ofisini, akaniambia nipange kabati lote, nitoe hata magazeti yaliyotandikwa chini ya droo. Droo ya mwisho ilikuwa nzito. Nilivuta gazeti, na chini yake nikaona maandishi ya taipureta yangu, ile herufi ya "r" iliyokuwa ikiruka juu kidogo. Kurasa sita. Nakala zote zilikuwepo, pini zimeshaanza kushika kutu, na hakuna muhuri wa mahakama hata mmoja. Niliketi sakafuni na zile karatasi mapajani. Nilihesabu miezi kwa vidole, nikahesabu tena. Alipoingia nikasema, "Mzee, hizi hazikwenda." Aliziangalia, akafunga mlango. Sikumwona akikasirika, nilimwona akichoka. Akasema siku ile alikwenda Dar harusini, akauacha mkoba kwa shemeji yake, aliporudi siku zilikuwa zimepita. Kulikuwa na njia ya kuiomba mahakama iongeze muda, lakini mwombaji lazima aeleze kwa nini alichelewa, na sababu ya kuchelewa ilikuwa yeye. "Ningejiandika mwenyewe, mwanangu," akasema. Nikamuuliza yule mama ataambiwa nini. Akafungua droo, akarudisha karatasi, akalaza gazeti juu yake. "Watu wa bondeni huchoka. Mwambie liko Dar, atachoka."

Siku iliyofuata tu Bi Mwanahawa akaja. Kama ingekuwa wiki moja baadaye labda ningekuwa nimejipanga. Aliingia, akaketi kwenye benchi, akaweka kifurushi chake mezani kwangu, akanitazama. Na mimi, niliyekuwa sasa najua, mwenye kodi ya chumba ya kulipa na doti ya khanga ya mtu mwilini, nikamwambia, "Faili liko Dar, mama." Akasema haya, tusubiri. Nikamwona mgongo wake ukitoka mlangoni. Kwa miaka yote hii nimesikia watu wakisema niliyoyafanya baadaye yalikuwa usaliti. Mimi naujua usaliti wangu uko wapi, na siyo huko wanakouonyesha.

Sikuweza kula wale kamba. Niliwapeleka kwa Bi Tatu, naye akaniuliza kulikoni, nikalia mbele ya kikaango chake mpaka akaniambia nisogee, machozi yasije yakaingia kwenye mafuta. Kisha akasema, "Mama yule hajaondoka. Lori limeharibika, nimemwona pale sokoni. Nenda kamlete, akale, umwambie. Ukilala nalo hili leo, kesho utalizoea." Nikaenda, nikamkuta ameketi juu ya gunia tupu. Nikampeleka chumbani kwangu, nikampikia wali na kambale wa kukaanga na mchicha. Nilisubiri ale kwanza, kwa sababu niliona haya kumwambia mtu mwenye njaa. Nilipomaliza kusema, alikuwa akitoa mwiba mdomoni. Aliuweka pembeni ya sahani. "Ulijua lini?" akauliza. Nikamwambia karatasi niliziona jana. "Basi leo asubuhi ulijua." "Nilijua, mama." Akaosha mkono, akajifuta kwa upande wa khanga yake. Nilitamani anipige. Mwishowe akasema, "Yako tutayazungumza siku yake. Sasa niambie, huyu bwana analipishwaje?"

Ndilo swali lililobeba mwaka wangu wote uliobaki. Shamba lenyewe lilikuwa limekwisha potea, maana yule jamaa aliliuza kwa mtu wa tatu, na huyo akalima na kupanda. Lililobaki ni kumfanya aliyelipoteza alilipe, na aliyelipoteza alikuwa wakili, mtu anayejua milango yote ya kutokea. Nilianza kusoma vile vitabu vyekundu wakati Msomi yuko mahakamani. Nusu sikuelewa. Lakini nilielewa kwamba ipo kamati ya kuwasikiliza wanaowalalamikia mawakili, na kwamba wakili si mfalme, ni mtu mwenye leseni. Basi siku moja, saa ya chakula cha mchana, yeye akiwa amekwenda kula, nilifunga mlango, nikaketi mezani pangu, nikapiga lalamiko la Bi Mwanahawa kwa taipureta ya Msomi, kwa karatasi za Msomi, feni ya Msomi ikinipepea. Bi Mwanahawa akaweka dole gumba. Karatasi nilimlipa: niliweka shilingi juu ya meza yake nikimwambia nimeharibu kurasa. Lalamiko likaenda posta, na miezi ikapita bila jibu.

Huko Mbuchi ndugu zake Bi Mwanahawa walikuwa na njia yao. Walitaka isomwe albadiri. Asiyekulia pwani huenda asijue uzito wake: ni kisomo cha kumwombea mdhulumaji afikiwe na adhabu, na watu wetu wanaamini kwamba kikisomwa, aliyekula haki ya mtu huvimba tumbo, hupata wazimu, hufa. Mwizi wa kuku akisikia tu kwamba wanakusanyika kusoma, humrudisha kuku usiku huohuo. Ndugu zake watatu walikuja kwa Bi Tatu, alikokuwa amefikia dada yao, wakakalia mkeka, wakanywa chai ya mchaichai, wakamwambia dada yao mambo ya posta ni ya watu wa serikali, yeye amwachie Mungu. Bi Mwanahawa alikuwa akimenya muhogo. "Nisome, afe," akasema. "Sawa, kafa. Nani atanilipa shamba langu? Mjane wake? Mimi sitaki azikwe, nataka alipe. Nitamwombea uzima mpaka alipe." Kaka yake mkubwa akamwambia anafanya mzaha na mambo ya dini. Akamjibu kwamba kumtaka mtu awe hai si mzaha, na akamkabidhi kisu amalizie muhogo. Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika. Sikuwahi kumsikia mwanamke akiongea hivyo na kaka yake, na nikajiambia, na mimi nitaongea hivi.

Lakini mji una masikio, na masikio hayasikii sentensi nzima. Wateja wa vitumbua waliwaona wazee watatu wa Mbuchi wakiingia kwa Bi Tatu na kutoka wamenuna, na hadi alasiri ilikuwa imeshajulikana Kibiti yote kwamba yule mama kasoma albadiri. Lisemwalo lipo, ndivyo watu walivyosema, ingawa safari hii halikuwepo. Msomi alicheka alipolisikia. "Dua la kuku halimpati mwewe," akaniambia akivua koti. Wiki ile ile vidonda vyake vya tumbo vikaamka. Alikuwa navyo tangu zamani, ofisi nzima ilijua, chupa ya dawa nyeupe ilikuwa haitoki mezani kwake. Safari hii hakuvitaja kwa jina hilo. Alikuwa akikaa ameshika ubavu, akitazama tumbo lake. Chai akaiacha, vitumbua akasema vina mafuta mengi, na mara mbili nilimkuta amesimama kwenye dirisha linaloelekea kwa Bi Tatu. Siku ya tatu akaniita nyuma ya kabati. "Mwanangu, wewe unakaa pale. Ni kweli wamesoma?" Ningeweza kumwambia hapana. Nilikuwa nimefundishwa ofisini pale pale jinsi ya kumjibu mtu asiyejua. Nikamwambia, "Mzee, mimi sijui mambo ya Mbuchi," nikarudi kwenye taipureta. Wanaotaka kunihukumu kwa hilo, ruhusa.

Ijumaa baada ya swala akaja mwenyewe kwa Bi Tatu, na mwalimu wa madrasa na wazee wawili wa msikitini. Alivaa kanzu. Nilizoea kumwona na tai, na kanzu ilimfanya aonekane mdogo. Nyuma yao mtu alibeba mfuko wa sukari, mchele na khanga mbili. Bi Mwanahawa alikuwepo, alikuja kuuliza posta. Tuliketi ukumbini, wanaume upande wa dirisha, sisi upande wa jiko, mchuzi wa Bi Tatu ukichemka. Mwalimu alikuwa mtu mfupi wa maneno. Alisema bwana huyu amekuja kutaka radhi, na desturi inajulikana: anayetaka radhi hulitaja kosa lake kwa jina mbele ya aliyemkosea na mashahidi, kwanza, ndipo mwenziwe hujibu. Msomi akasafisha koo. "Kama kuna lolote lililotokea ambalo limemkwaza mama yangu..." Mwalimu akasema, "Litaje." "Kulitokea upungufu wa kiofisi." Bi Mwanahawa akanigeukia, "Anasema nini?" Nikamwambia bado hajasema. Msomi akashika ubavu. Akatazama sakafu, kisha akasema, kwa Kiswahili ambacho sikuwahi kumsikia akitumia ofisini, "Sikuipeleka rufaa yako. Niliisahau. Siku zikapita, nikaogopa, nikakudanganya mwaka mzima kwamba iko Dar. Shamba lako limepotea kwa ajili yangu."

Nilimwonea huruma, nasema kweli, na kama mambo yangeishia hapo pengine ningerudi Jumatatu kufuta vumbi. Lakini uwakili ulikuwa haujamtoka. Alitaka karatasi. Alimwambia Mwalimu kwamba ni vizuri maneno ya suluhu yaandikwe ili kesho asije mtu akayageuza, na Mwalimu akaona ni sawa, ndivyo hata talaka na mirathi huandikwa. Msomi akanitazama mimi, mwandishi wake, akaniambia niandike. Nikachukua daftari la Bi Tatu. Sehemu ya kwanza niliandika kosa, neno kwa neno kama alivyolitaja, kwa sababu bila kosa hakuna radhi. Sehemu ya pili alinisomea mwenyewe, kwa lugha yake ya ofisini: kwamba Bi Mwanahawa amesamehe na hatakuwa na dai lolote, mahali popote, wakati wowote. Akatia sahihi chini ya sehemu yake. Mwalimu na wazee wakatia za kwao, wakishuhudia walichokisikia. Kisha kidau cha wino kikasogezwa kwa Bi Mwanahawa.

"Isome yote," akaniambia. Nikaisoma. "Rudia ile ya pili." Nikarudia. Akauficha mkono wake ndani ya khanga. "Mwalimu, ulisema anataka radhi. Radhi ni ya Mungu, nami nimempa. Nimekusamehe, baba, kalale usingizi. Lakini shamba halikuwa mbinguni. Lilikuwa Mbuchi, na mimi nakula duniani. La kwanza nimelisikia, la pili siliwekei dole." Msomi akasema kwa haraka, "Mama, ukishasamehe umesamehe." "Nimesamehe uongo. Mpunga nadai." Mmoja wa wazee akakohoa ili asicheke. Msomi akaweka mikono yote miwili tumboni. "Na albadiri?" akauliza. "Itaondolewa?" Bi Mwanahawa akashangaa. "Albadiri ipi? Mimi sijasoma kitu. Nikuue, nani anilipe?" Sijapata kuona uso wa mtu ukibadilika namna ile. Alinyoosha mkono kuichukua karatasi, lakini Mwalimu alikuwa ameshaikunja na kuitia mfuko wa kanzu. Karatasi ya suluhu isiyokamilika hukaa kwa msuluhishi, akasema, mpaka wenyewe wakamilishe. Sukari na mchele vikarudi na aliyevibeba. Wakili aliyekuwa akiwatoa watu jela kwa kosa la nukta moja alikuwa ametia sahihi ungamo lake mbele ya mashahidi watatu, kwa kuogopa kisomo ambacho hakikusomwa.

Jumatatu niliikuta meza yangu tupu na taipureta imefunikwa. Sikusubiri kuambiwa. Hapo ndipo mji ulipoanza na habari ya chumvi. Niliitwa mchongezi, msaliti, mwanamke asiye na fadhila. Mwenye duka la saruji aliacha kuniitikia salamu. Mchumba niliyekuwa naye Ikwiriri akatuma ujumbe kwamba mama yake amesita. Bi Tatu alinipa ungo na sufuria nikaanza kuuza vitumbua, na wapo waliovuka barabara ili wasinunue kwangu. Nikawa nawaita kwa majina yao wakivuka, nawauliza hali za nyumbani. Baadaye jibu la posta likaja. Tukaenda Dar mbele ya kamati, mimi, Bi Mwanahawa na Mwalimu na karatasi yake. Chumba kilikuwa baridi mpaka Bi Mwanahawa akajitanda khanga yake ya pili. Wakili aliyemtetea Msomi aliniuliza kama si kweli kwamba mimi ni karani niliyefukuzwa na nina kinyongo. Nikamwambia nilifukuzwa baada ya lalamiko, tarehe ziko hapo, na kuhusu kinyongo ninacho, lakini si mimi niliyetia ile sahihi. Mzee mmoja wa kamati akauliza lalamiko lilipigwa wapi. "Kwa taipureta yake, mheshimiwa, saa ya chakula." Aliinamisha uso kwenye makaratasi kwa muda.

Walimsimamisha uwakili. Watu wa msibani hukumbuka hilo tu, kwamba ofisi ilifungwa. Wanasahau kwamba Bi Mwanahawa hakusimama aliposikia. Alibaki ameketi, akauliza, "Na shamba?" Wakamweleza kwamba adhabu imekwisha kutolewa. Akawaambia kwamba kumsimamisha wakili hakuotishi mpunga, na kwamba yeye hakupanda boti kuja kumfungia mtu ofisi, amekuja kulipwa. Haki ya namna hii inanikera mpaka leo: mkosaji anaadhibiwa, wenye mamlaka wanajisafisha jina, na aliyeumia anaambiwa aende nyumbani na furaha yake. Ninapokaa sasa na akina mama wanaokuja kwangu na mikoba yao ya karatasi kutaka ushauri, swali la kwanza ninalowafundisha ni hilo hilo, na shamba je? Kamati ilinong'onezana, ikamwambia Msomi kwamba hata akiomba kurudishwa kazini hatasikilizwa kabla hajamridhisha mama huyu. Akauza gari. Nduguye ndiye aliyeleta fidia kwa Mwalimu, hatukuonana uso kwa uso. Bi Mwanahawa akapata shamba jingine, dogo kuliko lile, mbali zaidi na mto. Alilizunguka mara moja kwa miguu. "Hili silo," akasema. "Lakini ni langu."

Akalima, akapanda, na mpunga ulipoanza kutoa punje akaniita. Nilikuwa nimepata kazi ya uchapaji Dar, naanza Jumatatu ya wiki ya pili. Nikadhani ananiita kuniaga. Nilimkuta chini ya dungu lake, kile kibanda cha juu ya nguzo tunachokaa bondeni kuamia ndege wasimalize mpunga. Akanipa uji, akangoja niumalize. "Siku yake imefika," akasema. "Msomi kalipa ya kwake. Wewe?" Nilijua anachosema, sikujifanya sijui. Akaniambia nilimwambia faili liko Dar mara saba. Mara sita nilikuwa sijui, lakini nilisema nisilolijua, na huo nao ni uongo; kila mmoja nitauamia siku moja. Nikapanda dunguni. Alfajiri hadi magharibi nilipiga debe, nilirusha mabonge ya udongo kwa kombeo, nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka, na kwelea wakiondoka upande huu wanatua upande ule. Mikono ilitoka malengelenge. Hakunisaidia, na wala hakuninunia. Jioni tulikula wali na kamba, akinisimulia habari za shamba lake la zamani, mfereji kwa mfereji.

Siku ya sita jioni nilifunga nguo zangu. Kesho yake kulikuwa na mtumbwi, na kesho kutwa Jumatatu yangu ya Dar. Nikamuaga, akaipokea mikono yangu, akayatazama malengelenge.

"Sita umelipa," akasema. "Bado ule mmoja. Ule uliousema unajua."

"Nao ni siku moja, mama?"

"Huo mpaka mpunga ukatwe."

Mpunga ulikuwa bado kijani. Nilikaa nikautazama hadi mwisho wa shamba, na nilikuwa nimeshafundishwa majibu mengi na watu wawili tofauti, Msomi na yeye mwenyewe. Kisha nikafungua kifurushi changu, nikatundika nguo kwenye nguzo ya dungu, nikaenda kuokota mabonge ya kesho.